Sawa ya Fundi

Mara ya tatu Fundi aliposema "sawa," mkewe aliweka chini bakuli la supu aliyokuwa akimnywesha, akajifuta mikono, akatoka nje bila kuaga mtu.

Shemeji yake, mdogo wa Fundi, hakuona kitu. Alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya kitanda, magoti yakigusa shuka, akiongea kwa sauti ya juu kama watu wanavyoongea na mgonjwa wanayedhani amekuwa kiziwi.

"Basi kaka, tumeelewana. Karakana tunaifunga mwezi ukiisha. Cherehani na zana nabeba mimi. Wewe na shemeji mnahamia kwangu. Na binti anaahirisha chuo, anakuja kukuuguza. Narudia ili dada naye asikie: umekubali?"

"Sawa," alisema Fundi tena.

"Umesikia, dada?"

"Nimesikia kwa masikio yangu mawili," alisema dada yao, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi. Alikuwa amesimama karibu na dirisha na mkoba wake begani, tayari kwenda zake. "Mwenyewe kasema. Sisi ni nani wa kumpinga?"

Fundi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mkono wake wa kushoto, uliobaki na nguvu, ulikunja shuka na kulikunjua, ukakunja tena. Baba mdogo, kama binti wa Fundi alivyomwita shemeji huyo, aliupigapiga mkono ule kwa upendo, akainuka. Alikuwa seremala katika mji mwingine na basi lake lilikuwa karibu kuondoka.

"Jumapili nakuja na watu wa kushuhudia, tumalize na mwenye nyumba wa karakana," alisema. "Pumzika, kaka. Mzigo huu sasa ni wangu."

Na alimaanisha. Hakukuwa na hila ndani ya mtu yule. Alikuwa ameshaanza kutoa mbao zake kwenye chumba cha pembeni ili kaka yake apate pa kulala.

Fundi alikuwa fundi wa makochi. Kiharusi kilimkuta karakanani, amepiga goti mbele ya kiti cha mteja, sindano ndefu mkononi. Hospitali ilimrudisha akiwa na mkono na mguu wa kulia visivyotii, na mdomoni neno moja tu. Ukimsalimia, sawa. Ukimuuliza kama ana njaa, sawa. Wateja waliokuja kumjulia hali walicheka kidogo, wakajikohoza, kisha wakaongea wao kwa wao juu ya kitanda chake kama watu waliokutana kituoni.

*

Binti yake alirudi kutoka chuoni mchana na kumkuta mama yake uani akifua shuka. Alifua kama anayemkaba mtu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaanze kufungasha vitabu vyako. Baba yako ametugawa."

"Ametugawa vipi?"

Mama alimsimulia. Akisimulia, mikono haikuacha kusugua. "Mara tatu, mwanangu. Tena hakunitazama hata mara moja. Mimi ninayemgeuza, mimi ninayemfuta mate, sikustahili hata kuulizwa. Kumbe mtu unaweza kulala na mwenzio ubavuni miaka yote hiyo, na siku ya jambo kubwa ukawa kama mpita njia."

"Mama, Baba anasema sawa kwa kila kitu."

"Kwa supu, ndiyo. Kwa kuhamishwa nyumbani kwake?"

Mtaani binti huyu aliitwa Mkalimani. Jina alipewa na Fundi mwenyewe siku alipochaguliwa kusoma lugha za kigeni na isimu, na kila aliyeleta kochi kupigwa kitambaa alilazimika kusikia habari hizo. "Huyu akimaliza," Fundi alikuwa akisema huku amebana misumari midogo mdomoni, "mabalozi watakaa kwenye makochi yangu na kuongea kupitia kwake." Mteja mmoja mjuaji alimuuliza isimu ni mdudu gani. Fundi alitema misumari kiganjani. "Wewe unakalia kochi, si ndiyo? Mimi nalifungua nione springi zimefungwaje. Wewe unaongea tu, mwanangu anafungua." Maelezo hayo yalikuwa mazuri kuliko yale ya kitabu cha mwaka wa kwanza, na binti aliyaiba akayatumia kwenye mtihani.

Sasa aliingia chumbani, akakaa kwenye ile stuli. Baba yake alikuwa amegeukia ukuta.

"Baba, umekubali tuhame?"

"Sawa."

"Kwa hiyo tuhame."

"Sawa." Ngumi ya kushoto ilipiga godoro.

"Au hukukubali?"

"Sawa! Sawa, sawa!" Macho yalimjaa machozi, akayafumba kwa aibu.

Mkalimani aliinama kumtazama. Kuna kitu alikuwa amekiona katika uso ule, na alikijua, kwa sababu kiliwahi kukaa usoni mwake. Katika majuma yake ya kwanza ya Kifaransa, mwalimu alikuwa akimsimamisha na kumuuliza jambo. Swali alilielewa. Jibu alikuwa nalo, refu na zuri. Lakini mdomo ulikuwa na neno moja tu, ndiyo, basi akajibu ndiyo, mwalimu akaendelea na mwingine, naye akakaa chini akiwa amekubali jambo asilolitaka. Darasa lilicheka siku aliyokubali kwamba ana watoto wanane.

Akavuta stuli karibu.

"Baba, mimi ni mwanao?"

"Sawa."

"Mimi ni mama yako mzazi?"

"Sawa," alisema Fundi, na upande wa kushoto wa mdomo wake ukapanda juu. Mabega yakatikisika.

Alikuwa anacheka. Mdomo umekubali upuuzi, na mwenye mdomo anaucheka upuuzi huo.

*

Mwalimu wa isimu alikuwa na chumba kidogo kilichojaa karatasi za mitihani hadi juu ya kiti cha wageni. Alizihamishia sakafuni ili mwanafunzi wake akae, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo wanafunzi walimpendea na pia kumwogopea.

"Kwanza," alisema, "wewe si daktari, na mimi si daktari. Hospitali kubwa wapo wataalamu wanaowafundisha wagonjwa kama hawa kuongea upya. Foleni yao ni ndefu. Mwandikishe kesho."

"Nitamwandikisha. Lakini Jumapili ndiyo wanakuja."

"Najua. Basi sikiliza. Neno linalobaki hatulichagui. Wapo waliobakiwa na jina la mtu. Wapo waliobakiwa na tusi, watu waungwana kabisa, na kila mgeni akiingia anatukanwa." Alivua miwani. "Baba yako amebakiwa na neno la adabu, na hapo ndipo penye balaa. Angekuwa anatukana, nyote mngejua kwamba siye anayesema. Kwa kuwa anasema sawa, watu wanachukua wanachokitaka na kwenda zao."

"Nifanye nini?"

"Mpe njia nyingine ya kujibu, isiyopita mdomoni wala kichwani kwa kutikisa. Vitu viwili vya kushika. Anza na maswali ambayo majibu yake unayajua. Badilisha pande, usije ukadhani anajibu kumbe anashika kilicho karibu. Rudia. Na usishangilie mapema." Alimtazama kidogo. "Watu wanadhani tunasoma lugha ili tuongee nyingi. Mimi miaka yote hii nadhani tunasoma ili mtu asisikike kinyume cha alivyokusudia. Nenda, utakosa basi."

*

Mkalimani alipitia karakanani kuchukua vipande viwili vya kitambaa. Kimoja mahameli nyekundu, iwe ndiyo. Kingine ngozi ya plastiki, nyeusi, iwe hapana. Alichagua hivyo ili baba ajue tofauti hata kwa vidole. Akamweleza taratibu, akavitandaza juu ya mapaja yake.

"Baba, sasa ni mchana?"

Mahameli.

"Wewe ni fundi wa makochi?"

Mahameli.

"Wewe ni askari?"

Mahameli. Akabadilisha pande. Mahameli. Akamuuliza kama yeye ni mwanamke, kama ana mabawa, kama anapenda kunywa mafuta ya taa. Mahameli, mahameli, mahameli, na kila mara vidole vyake vikiisugua kidogo, vikiangalia manyoya yamelalia upande gani.

Mkalimani aliinamisha kichwa. Labda baba mdogo alikuwa sahihi. Labda kile kicheko kilikuwa kicheko tu.

"Unamwonea," ilisema sauti mlangoni.

Mama alikuwa amesimama hapo na beseni la nguo kiunoni, na haikujulikana amesimama tangu lini. "Unampa mahameli na plastiki, unategemea ashike plastiki? Mtu huyu alimfukuza mteja kwa ajili ya plastiki. Alimwambia kama unataka kukalia mfuko, kalia mfuko, usinitafute. Hata umuulize kama yeye ni mbuzi, atashika mahameli."

Fundi alitoa sauti kooni. Mabega yakaanza tena kutikisika.

Mama aliweka beseni chini, akaenda mwenyewe karakanani, akarudi na vipande viwili vya kitambaa kilekile cha pamba, uzito mmoja, ufumaji mmoja: buluu na kahawia. "Buluu ndiyo," alisema. "Kahawia hapana. Haya, muulize."

"Baba, wewe ni askari?"

Mkono ulisita juu ya mapaja. Ukaenda kwenye kahawia.

"Wewe ni fundi?"

Buluu.

Akabadilisha pande, na mkono ukaifuata rangi. Akabadilisha tena, ukaifuata tena. Aliuliza mengi, mengine ya kipuuzi, na mara moja tu Fundi alikosea, akaling'amua kosa mwenyewe, akakitupa kile kitambaa kwa hasira na kushika kingine. Mkalimani alikuwa ameambiwa asishangilie, basi alijiuma mdomo na kuendelea.

"Nipishe," alisema Mama.

Alikaa kwenye stuli. Hakupaza sauti. "Baba Mkalimani. Wewe ulitaka tuhame hapa?"

Kahawia. Alikishika kwa nguvu hata kikajikunja.

Mama alikitazama kile kitambaa muda mrefu. "Mimi nimekununia siku zote hizi," alisema. "Nimekulisha bila kukutazama." Akapiga kelele ghafla: "Lakini na wewe si ungenitazama hata kidogo!"

"Sawa," alisema Fundi kwa unyonge, na wote watatu wakaangua kicheko kilichoishia kwenye machozi.

Lakini kicheko kilipokwisha, Mkalimani aliona tatizo lililobaki. Jumapili ilikuwa kesho yake. Watu wangekuja na sawa yao mkononi, wameisikia kwa masikio yao. Ili waiachie, ilimpasa kuwaonyesha kwamba haina kitu ndani. Njia ilikuwa moja tu: kumuuliza baba yake mambo ya aibu mbele yao, naye ayakubali yote.

"Baba," alisema, "kesho nitakudhalilisha mbele ya mdogo wako. Nitakuuliza mambo ambayo mtoto hamuulizi baba yake. Watacheka. Kisha ndipo nitatoa vitambaa. Ukikataa, sitafanya, nitatafuta njia nyingine. Unaniruhusu?"

Fundi alifumba macho. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kutokea mbele ya mteja na shati lisilopigwa pasi. Mkono ulikaa katikati ya vitambaa hata Mama akataka kusema kitu. Kisha ukashuka kwenye buluu.

*

Jumapili walijaa chumbani: Baba mdogo, Shangazi, mwenye nyumba wa karakana, na mchomelea vyuma wa jirani aliyeitwa awe shahidi. Fundi alikuwa ameketishwa kwenye kiti, amevaa shati jeupe.

"Hatutawachosha," alianza Baba mdogo. "Kaka alishatamka. Leo atamke mbele ya mwenye nyumba, basi. Kaka, umekubali niifunge karakana?"

"Sawa."

"Sasa mnataka nini zaidi?"

"Baba mdogo, samahani," alisema Mkalimani. "Naomba nimuulize na mimi kidogo."

"Muulize. Miaka mitatu Kifaransa, Kijerumani, sijui na mdudu gani mwingine, na lugha ya baba yako mwenyewe imekushinda. Muulize!"

Mchomelea vyuma alicheka. Mkalimani alipiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, wewe ni mwanamke?"

"Sawa," alisema Fundi.

Kicheko kikakatika.

"Baba, wewe ni mwizi? Umeiba sponji za wateja wako?"

"Sawa."

"Baba mdogo akiondoka hapa, tumchome moto?"

"Sawa."

"Acha!" Baba mdogo alisimama, stuli ikaanguka nyuma yake. "Mtoto gani wewe? Unamfanya baba yako kichekesho mbele za watu! Ndiyo mnayofundishwa huko?"

"Nimemuomba ruhusa, akanipa."

"Kwa kusema nini? Sawa?" Alimgeukia kaka yake, na hasira ikamwishia usoni ikawa huzuni. "Basi mmeona wenyewe. Akili imeondoka. Hajui hata anachosema. Ndiyo maana nataka kumchukua."

"Anajua," alisema Mama kutoka mlangoni. "Kaa chini, shemeji. Kaa umuulize wewe mwenyewe."

Mkalimani alitandaza vitambaa, akaeleza. Baba mdogo aliokota stuli na kukaa shingo upande, kama aliyelazimishwa kucheza mchezo wa watoto.

"Kaka. Mimi ndiye mkubwa kwako?"

Kahawia.

"Bahati hiyo," alisema. "Mama yetu alikuwa akifinyanga vyungu?"

Buluu. Mkalimani akabadilisha pande.

"Baba yetu alikuwa mpole?"

Kahawia, upesi, kabla swali halijaisha. Shangazi alifunika mdomo kwa mkono.

Baba mdogo alijisogeza mbele. Alipouliza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi aliongea na kaka yake kama mtu aliye karibu naye.

"Kaka. Unataka kuja kukaa kwangu?"

Kahawia.

"Nimeshapaka chumba rangi," alisema polepole. "Nimekuwekea dirisha kubwa."

Fundi aliacha kitambaa, akaushika mkono wa mdogo wake, akaukamata hivyo kwa kitambo. Kisha akakirudia kile cha kahawia.

"Na karakana, isifungwe?"

Buluu. Akabadilishiwa swali: ifungwe? Kahawia. Mwenye nyumba alisema yeye hana haraka, kodi ikiingia haulizi nani kapiga goti mbele ya kochi. Mchomelea vyuma akasema yupo kijana wa kazi anayemjua, mzuri wa cherehani, akae chini ya jicho la Fundi.

"Haya," alisema Baba mdogo, akajifuta uso. "Nimekosea, na nimekosea kwa nia njema, Mungu ananiona. Lakini shemeji hawezi kumgeuza mtu mzima peke yake na kusimamia karakana. Muulizeni na la chuo. Hilo mbona mnaliruka?"

Mkalimani alikuwa ameliruka kwa makusudi. Jana aliuliza yote isipokuwa hilo, kwa sababu hakujua angefanya nini na jibu. Alitazama mikono yake.

"Baba," alisema. "Unataka niache chuo, nikae nawe?"

Mkono wa Fundi ulienda kwenye buluu ukakichukua kitambaa. Chumba kizima kilivuta pumzi. Kisha, kile kitambaa kikiwa kiganjani, mkono ukaenda upande wa pili, ukakichota na cha kahawia.

"Amechoka," alinong'ona Shangazi. "Sasa amechanganyikiwa."

Mkalimani alivichukua taratibu, akabadilisha pande, akauliza tena. Fundi alivikusanya vyote viwili tena, akavifumbata pamoja ndani ya ngumi, akaikandamiza ngumi ile kwenye bega la binti yake. Mwanafunzi wa isimu alikuwa amempa baba yake majibu mawili, na baba yake amejitengenezea la tatu.

"Hajachanganyikiwa," alisema Mama. "Niulize mimi swali hilohilo, uone kama sitavishika vyote."

Mkalimani alilia kidogo bila kujificha, kisha akajifuta kwa mkono wa blauzi.

"Baba, nisamehe. Swali nimelikata vibaya, limekuwa pana mno. Nalikata upya." Alifikiri. "Asubuhi niende darasani. Mchana nirudi, niwe hapa hadi kulala. Tujaribu hivyo hadi hospitali itakapotuita."

"Asubuhi nitakuwa nakuja mimi," alisema Shangazi, akauweka mkoba wake chini. "Msinitazame hivyo. Nyumbani nafanya nini?"

"Umesikia, Baba? Hivyo utapenda?"

"Sawa," alisema Fundi.

Hakuna aliyeichukua. Baba mdogo aliinama, akaifungua ngumi ya kaka yake kidole kimoja kimoja, akavitoa vile vitambaa na kuvinyoosha juu ya mapaja, buluu huku, kahawia kule. Kisha akarudisha mikono yake magotini, na yeye na wote waliokuwamo chumbani wakakaa kimya, wakimsubiri ajibu.